Nichapishe mwaka huu au ningoje vita viishe? Jibu kwa mwalimu wa Goma

Swali: "Mama, jambo sana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Goma. Tangu mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, nimeandika hadithi 11 za Kiswahili, zimejaza madaftari matatu. Mchapaji niliyepatana naye zamani alikuwa akituma kazi ng'ambo ya mpaka. Sasa bei imepanda, na benki ndiyo hivyo unavyojua. Rafiki zangu wananiuliza nani atanunua kitabu wakati unga wenyewe ni tabu. Wengine wanasema ningoje vita viishe. Katika vita vikubwa vya zamani watu walichapisha vitabu kweli? Walifanyaje? Na mimi nifanye nini na hadithi hizi? Kuna moja ya mama na ndoo yake ambayo wanafunzi wangu wananiomba niwasomee kila wiki; nimekutumia picha zake, pamoja na orodha ya hadithi zote. Na mazungumzo ya watu wangu, niyaandike kwa Kiswahili sanifu au kwa kile cha Goma?"

Mwanangu mwalimu, jambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, kwa kuwa ndani yake nasikia swali ambalo hukuliandika: kama ni haki kushughulikia hadithi wakati majirani wanazika. Nitaanza na lile uliloandika. Hilo lingine litajijibu njiani.

Usingoje, lakini usichapishe zote. Toa hadithi moja mwaka huu, katika kijitabu chembamba utakachokishona kwa mkono wako. Kumi zilizobaki zilinde. Kuchapa na kulinda ni kazi mbili, na wengi waliopoteza maandishi yao vitani walizichanganya: walikaa na mswada mzima wakingoja siku ya kuutoa wote kwa pamoja, na siku hiyo ilipofika mswada haukuwapo tena. Mimi ni mmoja wao, nitakueleza.

Kwanza twende Paris, mwanzo wa mwaka 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia. Mji uko chini ya jeshi la Ujerumani tangu Juni 1940. Vitabu vingi vimepigwa marufuku kwa orodha, na karatasi ni haba. Mwaka huo mwandishi Albert Camus alitoa riwaya yake L'Étranger kwa njia ya halali. Katika kitabu chake kingine cha mwaka uleule, sura iliyomhusu mwandishi Franz Kafka ilibidi iondolewe, kwa sababu Kafka alikuwa Myahudi. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya kupita mlangoni. Wako waliokataa kuilipa.

Jean Bruller alikuwa mchoraji. Aliandika hadithi ya afisa wa Kijerumani anayeletwa kukaa kwa nguvu katika nyumba ya mzee mmoja na binti wa ndugu yake, na wenye nyumba wanaamua kutomjibu hata neno moja, usiku baada ya usiku. Kitabu kikaitwa Le Silence de la mer, na mwandishi akajiita Vercors, jina la kujificha. Pamoja na mwenzake Pierre de Lescure wakaanzisha nyumba ya uchapishaji ya siri na kuiita Éditions de Minuit, yaani Machapisho ya Usiku wa Manane.

Tazama sasa mashine waliyoitumia, kwa maana hapo ndipo penye jibu lako. Hawakwenda kwenye kiwanda. Walikwenda kwa Claude Oudeville, mchapaji mdogo ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kadi za harusi na matangazo ya misiba. Mashine yake iliweza kurasa nane tu kwa mkupuo. Alipanga herufi za kurasa nane, akachapa, akazivunja, akapanga nane nyingine. Ng'ambo ya barabara palikuwa na hospitali waliyoitumia wanajeshi wa Kijerumani. Karatasi zilizokwisha chapwa zilibebwa kidogo kidogo hadi kwa Yvonne Paraf, rafiki wa Bruller tangu utoto, naye na rafiki zake wakazikunja na kuzishona nyumbani. Nakala 350, basi. Chapa ilikamilika Februari 1942, na ilichukua miezi kadhaa zaidi kabla ya kitabu kuanza kupita mikononi mwa watu. Kufikia ukombozi wa mwaka 1944 nyumba hiyo ilikuwa imetoa vitabu zaidi ya ishirini, na iko hadi leo.

Nakala 350. Wewe ungezidharau, sivyo? Mwalimu mwenye hadithi 11 anaota vitabu elfu moja vyenye jalada linalong'aa. Lakini moja ya nakala zile ilifika London, ikachapwa upya huko kwa Kifaransa, ikatafsiriwa kwa Kiingereza, na Wafaransa waliokuwa uhamishoni wakaisoma kabla ya wengi waliobaki nyumbani.

Nimekaa sana juu ya huyo mama Yvonne kwa sababu kazi yake naijua kwa vidole vyangu. Hapa Bukavu, kati ya 1998 na 2003, sisi tulikuwa na mashine ya roneo. Kijana wa leo hajawahi kuiona, basi nikueleze. Unachukua stensili, karatasi yenye nta, unaiingiza kwenye mashine ya kuandikia, unaondoa utepe wa wino ili herufi zitoboe nta. Ukikosea, unaziba tundu kwa maji mekundu yanayonuka kama rangi ya kucha, unapuliza, unangoja yakauke, unapiga herufi sahihi papo hapo. Stensili inavishwa kwenye silinda yenye wino, unazungusha mkono, na karatasi zinatoka moja moja, mbichi. Tulizitandaza juu ya mikeka kama mihogo inayoanikwa. Watoto walikatazwa kupita. Usiku umeme ulipokosekana, ambayo ilikuwa karibu kila usiku, roneo haikujali. Mkono ndio uliokuwa umeme wake. Tulitoa mashairi, masomo ya watoto ambao shule zao zilikuwa zimefungwa, hadithi mbili tatu. Kurasa 16, kurasa 24, haikuzidi hapo, kwa sababu karatasi ilikuja kwa boti kutoka Goma na hatukujua lini nyingine ingefika.

Sasa suala la unga. Rafiki zako hawakosei kwamba mtu mwenye njaa hanunui kitabu. Wanakosea wakidhani kwamba vita vinaua hamu ya kusoma. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 ndege za Ujerumani ziliunguza Paternoster Row, mtaa wa wachapishaji wa London, na vitabu vinavyokadiriwa kuwa milioni 5 vikateketea. Karatasi ikagawiwa kwa kipimo; kufikia 1942 mchapishaji wa Uingereza alipata asilimia 37.5 tu ya aliyokuwa akitumia kabla ya vita. Na katika miaka hiyohiyo watu walisoma kuliko zamani. Taa za mji zilizimwa, watu walikaa kwenye mahandaki wakingoja asubuhi, na kitabu kilikuwa kitu ambacho mtu angeweza kukishika. Kilichotolewa hakikutosha mikono iliyokitaka. Wachapishaji wakapatana kubana: karatasi nyembamba, herufi ndogo, pambizo finyu, hakuna kurasa tupu za mapambo. Ukiokota kitabu cha Uingereza cha mwaka 1943 utakijua kabla hujasoma mwaka, kwa rangi yake ya majani makavu.

Wamarekani walikuwa na karatasi zaidi, lakini hata wao walitumia akili. Kuanzia 1943 hadi 1947 walichapa nakala zipatazo milioni 122 za vitabu vya kugawiwa wanajeshi bure. Vingi vilikuwa vipana kuliko urefu wake, ili viingie mfukoni mwa sare, na vilichapwa kwenye mashine za magazeti, vitabu viwili kwa pamoja, kimoja juu ya kingine, kisha vikakatwa katikati. Mashine za magazeti zilikuwapo, basi kitabu kikakubali umbo la mashine. Hapo Goma mashine iliyopo ni ya fotokopi. Kitabu chako kikubali umbo la karatasi ya A4 iliyokunjwa mara moja.

Nije kwenye kulinda. Irène Némirovsky alikuwa mwandishi mashuhuri nchini Ufaransa, Myahudi aliyezaliwa Kyiv. Vita vilipomfukuza Paris alikimbilia kijiji cha Issy-l'Évêque, na huko akaanza riwaya kubwa juu ya ule ukimbizi wenyewe, wakati ukimbizi bado unaendelea. Karatasi ilikuwa adimu; aliandika kwa mwandiko mdogo kama nyayo za sisimizi, mstari juu ya mstari. Julai 1942 alikamatwa, na Agosti akafa katika kambi ya mauaji ya Auschwitz. Binti zake wawili, watoto bado, walihama maficho baada ya maficho wakiburuta sanduku lenye daftari hilo. Hawakulisoma kwa miaka mingi, wakidhani ni shajara ambayo ingewaumiza. Kitabu kilitoka mwaka 2004. Miaka 62, mwanangu, tangu mwandishi wake afe. Kama lile sanduku lingesahauliwa kwenye treni, tusingekuwa na chochote.

Na kwetu sisi waandishi wa Kiswahili? Shaaban Robert, karani wa serikali huko Tanganyika, alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945, beti zinazokaribia 3,000. Alifariki mwaka 1962. Utenzi ulitoka kama kitabu mwaka 1967. Fikiria mtu anasimulia vita vya dunia nzima kwa mizani ya utenzi, kisha anaukunja na kuuweka. Hakuona jalada lake. Lakini aliumaliza, na akauacha mahali ulipoweza kupatikana.

Huku kwetu Kongo hesabu inauma zaidi. Askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, walipigana Ethiopia mwaka 1941. Desemba mwaka huohuo wafanyakazi wa migodi waligoma Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na wakapigwa risasi kwenye uwanja wa mpira. Mambo makubwa kama hayo, na ni machache mno yaliyoandikwa wakati ule kwa mkono wa Mkongo mwenyewe. Jarida la La Voix du Congolais, ambamo Wakongo walianza kuandika Kifaransa chao, lilianza Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville, mwezi Januari 1945. Na ilikuwa mwaka 1965 ndipo André Yav, mtu wa Lubumbashi, alipoandika kwa ajili ya wenzake waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani historia ya mji wao, kwa Kiswahili kilekile walichokisema. Haikupita kwa mchapishaji mkubwa. Ilipigwa kwa mashine ya kuandikia na kurudufiwa. Wataalamu wa ng'ambo waliitoa kitabuni mwaka 1990, na wanaoandika historia ya Lubumbashi huifungua.

Nakutajia kazi hii kwa sababu nyingine pia: naona katika barua yako unahangaika kama mazungumzo ya watu wako yaandikwe kwa Kiswahili sanifu au kwa kile cha Goma. Yav hakuhangaika. Msimulizi asimulie kwa Kiswahili unachofundisha darasani. Mama sokoni aseme anavyosema sokoni. Ukimsafisha ulimi unamfukuza kwenye hadithi.

Nilikuahidi langu. Oktoba 1996 vita vilipoingia Bukavu tulikimbia na watoto, sufuria na godoro moja. Mswada wangu wa miaka minne, riwaya ya wanawake wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, niliuacha juu ya kabati, ndani ya mfuko wa plastiki. Niliufunga vizuri dhidi ya mvua. Sikuwaza moto wa kupikia. Tuliporudi nyumba ilikuwa imesombwa hadi misumari, na mama mmoja jirani akaniambia kwa upole kwamba karatasi zilizobaki watu waliwashia makaa. Simlaumu yeyote; hata mimi ningewashia. Lakini ilikuwa nakala moja tu. Nimejaribu kuiandika upya mara mbili, sura tatu zimerudi, zilizobaki hazijarudi.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lingine lolote, kesho mchana kukiwa na mwanga mzuri, weka kila ukurasa wa madaftari hayo matatu kwenye meza karibu na dirisha na upige picha kwa simu. Usitumie taa ya simu, inaunguza wino kwenye picha. Tuma picha kwa watu wawili walio nje ya mji, mmoja awe mbali kabisa, tuseme Lubumbashi au Kisangani. Zinakili kwenye kadi ya kumbukumbu, umpe ndugu ambaye haishi nawe. Kuandika kwenye kompyuta kutafuata polepole. Haki ya mwandishi usiiogopee: kwa sheria ya Kongo ya mwaka 1986, kazi ni yako tangu ulipoiandika, hata kabla ya namba yoyote au mhuri wowote.

Kuna jambo ninaloliogopa kuliko wizi wa hadithi, na nataka ulisome bila haraka. Desemba 1999 Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko aliwaandikia Wakristo wa Bukavu barua ya Noeli. Alisema wazi kwamba mali ya nchi ndiyo inayolipia vita. Haikuwa kitabu, ni karatasi chache tu, zikasomwa makanisani, zikapigwa fotokopi, zikaenda hadi vijijini. Februari 2000 waliokuwa wakitawala mji walimzuia kurudi jimboni mwake, akapelekwa Butembo, akakaa huko miezi saba. Alirudi Septemba, Oktoba akafariki akiwa Roma. Nilikuwa na nakala ya ile barua, imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Karatasi chache zilizosomwa kwa sauti ziliwafikia watu ambao kitabu kisingewafikia kamwe, na aliyeziandika alijua anabeba nini.

Wewe si askofu. Watu walio katika hadithi zako hawana ulinzi hata kidogo, na hawakukuchagua uwaandike. Pitia kila hadithi ukijiuliza: jirani akisoma, atamjua huyu ni nani? Kama ndiyo, badilisha mtaa, kazi, idadi ya watoto, kovu. Kubadilisha jina peke yake hakutoshi, Goma si kubwa kiasi hicho. Na pale unapoandika kuhusu kabila la mtu aliyefanya ubaya, uliza kama hadithi inalihitaji kweli au ni hasira yako ndiyo inayolihitaji. Hadithi moja ya aina hiyo ninaihisi kwenye orodha uliyonitumia. Iandike, imalize, ifungie pamoja na zile zinazolindwa.

Sasa kijitabu. Kurasa 32, ukubwa wa A5, ni karatasi 8 za A4 zilizokunjwa. Rame moja ina karatasi 500, kwa hiyo inakupa vijitabu 62, bila jalada. Jalada ni karatasi moja nzito kwa kila kimoja. Ukiweka maneno kama 250 kwa ukurasa, na kurasa chache za mwanzo na mwisho, unapata nafasi ya maneno 7,000 hivi. Mpangilio wa kurasa unawachanganya wengi, lakini una siri rahisi: kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi, jumla yake ni 33 daima. Karatasi ya nje ina 32 na 1, nyuma yake 2 na 31. Inayofuata ina 30 na 3, nyuma yake 4 na 29. Hivyo hadi katikati, 16 na 17. Tengeneza kwanza moja ya mkono kwa karatasi chakavu, uandike namba tu, uende nayo kwa mwenye fotokopi ukamwonyeshe. Usimweleze kwa maneno, ataharibu karatasi zako.

Kushona ni matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati, moja juu, moja chini, vidole vitatu kutoka ukingoni. Uzi wa fundi viatu unafaa. Uvute mara mbili juu ya mshumaa ili ushike nta usilegee. Sindano ianze ndani, itokee tundu la katikati, iingie la juu, ishuke kwa ndani hadi la chini, itokee, irudi kuingia la katikati. Ncha mbili za uzi zifungwe zikiwa zimeukumbatia ule uzi mrefu unaopita ndani. Pini za ofisini ni haraka zaidi, lakini kwenye unyevu wa ziwa zinashika kutu na kuchafua karatasi ndani ya msimu mmoja wa mvua. Wanafunzi wako wakubwa watajifunza kushona kwa nusu saa. Dada mmoja mzuri wa sindano anashona vijitabu 20 kwa jioni moja.

Bei iwe gharama yako na kidogo tu juu yake, kidogo ya kununulia rame inayofuata. Usichukue fedha za chakula cha nyumbani kwa ajili ya hili. Ukiweza rame nusu, toa vijitabu 31. Usivipeleke dukani vikakae. Somea watu kwanza, kwenye ua, baada ya misa, shuleni kama mkuu wako anakubali, na uwe na mfuko wa vijitabu miguuni. Anayetaka kuichukua sauti aende nayo nyumbani atatoa faranga zake. Asiyeweza, aazime siku tatu, ampe mwingine. Usiandike orodha ya majina ya walioazima. Baadhi ya nakala zitapotea, ziache zipotee, ndivyo zinavyosafiri.

Hadithi ya kuanza nayo imeshachaguliwa na wanafunzi wako. Ile ya mama anayeshuka ziwani na ndoo siku zile maji na umeme vilipokatika mjini, anayekuta foleni imekuwa kijiji kizima ufukweni, mtu akifua, mtu akiuliza habari za mwanawe. Nimeisoma kwenye picha ulizonitumia. Sehemu ile anapoinua ndoo kichwani kisha anaishusha tena ili ampe maji mtoto asiyemjua, usiiguse hata neno. Mwanzo wake ni mrefu, kata aya mbili za kwanza, ianze moja kwa moja kwenye njia ya mawe meusi.

Nipe kijitabu kimoja kwa boti, mkabidhi mtu yeyote anayekuja Bukavu, nitamfuata bandarini. Nitakifungua na kukifunga mara mia kabla ya kukisoma, na nitakuambia kama uzi umekaza.